Baada ya diploma: feza ya kuanza biashara Uvira itatoka wapi?



Kila mwaka baada ya kolasio, swali ni lile lile. Mtu anaposti picha na toge yake, tunamupongeza, na wiki mbili tatu baadaye anaandika: "Wandugu, kuna projeti gani inayotoa feza kwa vijana?" Wengine wanajibu hakuna kitu. Wengine wanatuma linki ambayo hata wao hawajaisoma. Na swali linabaki pale mpaka mwaka unaofuata.

Leo tujaribu kulijibu vizuri. Feza ya kuanza biashara ndogo iko, lakini haiko mahali pamoja, na kila feza ina bei yake. Hata ile ya bure ina bei: inakula muda, inadai karatasi, na mara nyingi haikufikii. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza "nani anatoa?", tuulize kwanza: nataka feza ngapi, ya kufanya nini, na nikishindwa kulipa, nani ataumia?

Hilo la mwisho si swali dogo. Kwetu huku, kijana anayekopa mara nyingi hana kitu cha kuweka garanti. Anayekuwa nacho ni papa na mama, na kitu chenyewe ni parseli ya familia. Biashara ya miezi sita ikianguka, nyumba ya miaka makumi tatu inaweza kuondoka nayo. Ndiyo maana jambo hili linastahili kusomwa polepole.

1. Anza na kaye na kalamu

Wengi wetu tukiulizwa "unahitaji ngapi?", tunajibu haraka: "Dola elfu mbili." Ukiuliza kwa nini elfu mbili, jibu hakuna. Mwenye kukopesha akisikia hivyo anajua kwamba hujapiga hesabu.

Gawa hesabu yako katika sehemu tatu.

Sehemu ya kwanza ni vitu vya kudumu: mashine, meza, friji, mizani, panneau ya jua. Vinanunuliwa mara moja, vinatumika miaka.

Sehemu ya pili ni mtaji wa kuzunguka, yaani feza ya kununua mali, kuuza, na kununua tena. Ukifanya biashara ya ndagala, hii ndiyo feza unayoenda nayo pwani asubuhi.

Sehemu ya tatu ni akiba ya kuanguka: kitu cha kukufikisha mwezi wa pili na wa tatu kama wateja hawajakuja. Hii ndiyo tunayosahau kila mara. Matokeo yake unakula mtaji. Si kwa ubaya, ni kwa sababu nyumbani wanataka kula na wewe ndiye "mwenye biashara".

Tuseme, kwa mfano tu, unataka kufungua mahali pa kuprinti na kufotokopi karibu na shule. Ukitenganisha sehemu hizi tatu, unaweza kugundua kwamba mashine ya kutumika inatosha, na kwamba hitaji lako la kweli si dola 2,000 bali 600. Na dola 600 ni safari nyingine kabisa. Zinaweza kutoka kwenye akiba, kikundi na mkopo mmoja mdogo, bila kugusa parseli ya papa.

Halafu jiulize: hapa kwetu, kitu gani kinaweza kusimamisha biashara hii? Usiku wa tarehe 16 kuingia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua watu na kubomoa manyumba kwa maelfu. Maji ya ziwa nayo yamepanda mara kadhaa na kufukuza watu wa pwani. Mwaka 2024 nchi za Ziwa Tanganyika zilisimamisha uvuvi kwa miezi mitatu, kutoka katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, ili samaki wazaane. Mtu aliyekopa mwezi wa nne kwa ajili ya ndagala, na malipo ya kwanza ni mwezi wa sita, anatafuta taabu na mikono yake miwili. Mpaka wa Kavimvira nao ukifungwa, wanaoleta mali kutoka Bujumbura wanakaa. Mambo haya si ajali kwetu, ni sehemu ya hesabu. Yaandike kwenye kaye kabla ya kuandika faida.

2. Mlango wa kwanza: kikundi

Wasomi wengi wanaupita mlango huu bila kuuangalia. Wanaona ni mambo ya mama zetu wa sokoni. Kumbe mama hao ndio wamelipa minerval zetu kwa njia hiyo.

Kuna *likelemba*, ambayo wote tunaijua. Watu kumi wanatoa dola 10 kila mwezi, na kila mwezi mmoja anachukua dola 100. Haina riba, haina dosie. Ubaya wake ni mbili: zamu yako haiji siku unayohitaji, na aliyechukua wa kwanza akikimbia, wa mwisho analia. Ila kwa kununua kitu kimoja cha kudumu, likelemba ni njia safi.

Kuna AVEC, vikundi vya kuweka na kukopesha. Mfumo huu ulianzishwa na shirika la CARE huko Niger mwaka 1991, kati ya wanawake wa vijiji, na leo uko Afrika nzima. Watu kama 15 mpaka 25 wanakutana kila wiki au kila wiki mbili. Kila mtu ananunua hisa. Feza inakaa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Mwanachama anakopa, kwa kawaida si zaidi ya mara tatu ya akiba yake, na analipa na riba kidogo. Baada ya miezi 9 mpaka 12 wanagawana kila kitu, akiba pamoja na riba, kulingana na hisa za kila mtu.

Angalia hapa: riba unayolipa haiendi mbali. Inabaki sandukuni, na mwisho wa mzunguko sehemu yake inakurudilia. Ukiwa na akiba ya dola 40, unaweza kukopa 120. Kikundi kikichukua 5% kwa mwezi, miezi mitatu utalipa riba ya dola 18 kama hupunguzi deni katikati. Ni ghali kwa macho. Lakini wewe pia ni mwenye sanduku.

Kuna na MUSO, ambayo katika Kivu ya Kusini inajulikana sana. MUSO ina masanduku matatu. La kijani ni la akiba na mikopo. Jekundu ni la kusaidiana: ugonjwa, kilio, kuzaa. La buluu ni la feza inayotoka inje, kwa mfano mkopo ambao MUSO nzima imechukua kwa taasisi. Uzuri wa sanduku jekundu ni huu: mtoto akiugua, huvunji mtaji wako. Biashara nyingi ndogo zinakufa kwa sababu ya hospitali na matanga, wala si kwa kukosa wateja. Ukiwa na sanduku jekundu, unaulinda mtaji bila kuonekana mchoyo.

Kwa msomi, kikundi kinatoa kitu kingine ambacho diploma haitoi: historia ya kulipa. Baada ya mzunguko mmoja unaweza kuonyesha kaye na kusema: nimeweka mara 40, nimekopa mara mbili, nimelipa mara mbili kwa siku yake. Hiyo ndiyo dosie yako ya kwanza.

3. Mlango wa pili: COOPEC, mikrofinansi na benki

Hapa tuwe macho. COOPEC zilipata sheria yao mwaka 2002, na mikrofinansi zikapata yao mwaka 2011. Zote zinapaswa kuwa na ruhusa ya Banque Centrale du Congo. Swali lako la kwanza ukifika kwenye biro ni hili: "Ruhusa yenu ya Benki Kuu iko wapi?" Nyumba nzuri na mlinzi mlangoni si ruhusa.

Swali la pili ni riba, lakini usiulize tu "ni asilimia ngapi?" Uliza: "Inahesabiwa juu ya nini?" Tuchukue mfano. Unakopa dola 300 kwa miezi 6, riba ni 3% kwa mwezi.

Njia ya kwanza: riba inahesabiwa juu ya dola 300 zote mpaka mwisho, hata kama umekwisha kurudisha nusu. Kila mwezi riba ni dola 9. Miezi sita ni dola 54. Utalipa jumla 354.

Njia ya pili: riba inahesabiwa juu ya deni lililobaki. Kila mwezi unarudisha dola 50, na riba inashuka: 9, halafu 7.5, halafu 6, 4.5, 3, na 1.5. Jumla ya riba ni dola 31.5. Utalipa 331.5.

Munaona? Wote wawili wanasema "3%", lakini tofauti ni dola 22.5.

Sasa ongeza vile vidogo vidogo. Tuseme wanakata 2% ya dosie, ni dola 6. Wanadai ufunge akiba ya 10%, ni dola 30. Unatoka pale na dola 264 mfukoni, lakini riba unalipa ya 300. Hakuna mtu aliyekuibia. Yote iko kwenye kontra. Shida ni kwamba kontra tunaisaini bila kuisoma, sisi wenye diploma!

Kwa hiyo, kabla ya kusaini, omba karatasi yenye mambo haya: feza utakayopata mkononi, kiasi cha kulipa kila mwezi na tarehe zake, jumla yote mpaka mwisho, adhabu ya kuchelewa, na namna ya kurudishiwa ile akiba iliyofungwa. Wakikataa kukuandikia, toka. Hakuna haraka.

Swali la tatu: franka au dola? Kwetu tunauza ndizi kwa franka, tunalipa nyumba kwa dola, na huku Kavimvira franka za Burundi nazo zinatembea. Mwanzo wa 2016 dola moja ilikuwa karibu franka 930. Mwisho wa 2017 ilikuwa imefika karibu 1,600. Fikiria mtu aliyekopa dola 300 wakati ule, anauza kwa franka. Deni lake lilikuwa kama franka 279,000, na miaka miwili baadaye dola 300 zile zile zilikuwa franka 480,000. Yeye hakuongeza hata dola moja ya deni. Basi, ukiweza, kopa katika feza ile ile unayouzia. Kama haiwezekani, kila wiki badilisha kidogo na uweke dola za malipo kando, usingoje siku ya mwisho.

Swali la nne: garanti. Kama wanakubali mkopo wa kikundi, ambapo munaitikiana watu wanne au watano, ni afazali kuliko parseli. Kama ni avali, yaani mtu anayesaini kwamba atalipa usipolipa, mwambie ukweli wote. Usimuambie "ni saini tu, yaya". Hapana, si saini tu. Siku ukianguka watamufuata yeye.

Na jambo moja ambalo mwaka 2025 ulitufundisha kwa uchungu. Vita vilipofika Goma mwishoni mwa Januari na Bukavu katika Februari, mabenki yalifunga milango, na wenye feza ndani wakabaki kushika kadi tu. Desemba ikawa zamu ya Uvira yetu. Siandiki hii ili tuogope benki. Naandika ili tusiweke mtaji wote mahali pamoja. Sehemu kwenye kikundi, sehemu kwenye simu (M-Pesa, Airtel Money au Orange Money), sehemu katika mali inayouzika. Na makaratasi yote, risi na kontra, yapige picha, yatume kwa mtu unayemwamini aliye mbali.

4. Mlango wa tatu: serikali na projeti zake

Tusiseme serikali haina kitu. Tuseme vile ilivyo.

FPI, mfuko wa kukuza viwanda, uko tangu 1989. Lakini kama jina lake linavyosema, unaangalia zaidi viwanda na usindikaji. Kijana peke yake na kibanda hafiki kule kwa urahisi. Watu waliojiunga kusaga muhogo na mahindi ya uwanda wa Ruzizi, hao wana hoja ya kupeleka.

ANADEC ni taasisi ya kusaidia wajasiriamali: kufundisha, kupanga, kuelekeza. FOGEC ni mfuko wa garanti. Wengi wanakosea hapa: mfuko wa garanti hautoi feza mkononi. Unasimama nyuma ya mkopaji mbele ya benki, ili benki ipunguze woga. Ukienda kuomba "feza ya FOGEC" umekosa mlango. Unaenda kwa benki, unauliza kama inafanya kazi na garanti hiyo. Na tangu Septemba 2022 kuna hata sheria ya kukuza ujasiriamali na kampuni changa. Isome, ili siku ukisimama mbele ya mtu wa biro ujue unaongea nini.

Kuna na projeti zinazolipiwa na Benki ya Dunia. PADMPME ilipitishwa mwaka 2018 na dola milioni 100, na ndani yake mulikuwa mashindano ya mipango ya biashara ya vijana, yaliyojulikana kama COPA. Ikafuata TRANSFORME, mwaka 2022, ya dola milioni 300, inayoangalia hasa wanawake wajasiriamali na biashara ndogo na za kati. Projeti za namna hii zinachagua miji, zinafungua maombi kwa muda, halafu zinafunga. Ukisikia leo kwamba zilifunguliwa jana, umechelewa. Wanaoshinda ni wale ambao karatasi zao zilikuwa tayari mwaka mmoja kabla.

Majirani wanafanya nini? Ngambo ya ziwa, Tanzania, kila halmashauri inatenga 10% ya mapato yake ya ndani kwa mikopo bila riba: 4% wanawake, 4% vijana, 2% watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 walisimamisha kwanza ili kurekebisha, mwaka 2024 wakarudia. Kenya walianzisha Hustler Fund tarehe 30 Novemba 2022: unaanza na mkopo mdogo sana, hata shilingi 500, na ukilipa vizuri kiwango kinapanda. Hizo ni za raia wao, sisi hatuwezi kuomba. Lakini somo tunaweza kulichukua bure. Tanzania wanakopesha kikundi. Kenya wanaangalia historia ya kulipa. Ni yale yale ambayo sanduku la mama zetu linafanya kila juma.

5. Mlango wa ine: feza ya kutorudisha

Sasa tunafika kwa ile ambayo wote wanaitaka.

Inayojulikana zaidi ni ile ya Tony Elumelu Foundation, ya Nigeria. Tangu 2015 inapokea vijana wa nchi zote 54 za Afrika, Kongo ikiwemo. Inatoa dola 5,000 za kutorudisha. Maombi kwa kawaida yanafunguliwa tarehe 1 Januari na kufungwa tarehe 1 Machi, kwenye tovuti ya TEFConnect. Unapaswa kuwa Mwafrika wa miaka 18 na zaidi, na biashara yako iwe bado wazo au isiwe imepita miaka mitano. Kuomba ni bure, na unaweza kufuata kwa Kifaransa. Lakini fahamu: kuna mafunzo ya wiki nyingi kwenye intaneti, na asiyemaliza mafunzo na mpango wa biashara hafiki kwenye feza. Waombaji ni wengi mno kutoka Afrika nzima. Omba, ndiyo. Ila usikae miezi nane ukingoja jibu kana kwamba ni mshahara.

Halafu kuna mashirika yanayofanya kazi hapa kwetu, na misaada yao ya AGR. Tuongee ukweli: mengi yanatafuta wakimbizi wa ndani, wajane, waliopoteza nyumba kwa mafuriko. Msomi mwenye afya si wa kwanza kwenye liste, na ni haki. Usijifanye mjane ili upate kiti cha kushona. Badala yake angalia nafasi nyingine: mashirika hayo yananunua vitu. Yanahitaji kuprinti, chakula cha mikutano, usafiri, mbegu, sabuni. Kuuzia projeti mara nyingi kunaleta feza nzuri kuliko kuomba projeti. Lakini wanadai faktire, namba ya impo, na karatasi za kampuni.

Ukiandika ombi, wasomaji wa dosie wanatafuta mambo machache. Shida gani unatatua, kwa watu gani, katika kata gani? Nani amekwisha kununua, hata kama ni wateja saba tu? Feza utaitumia nini, kitu kwa kitu? Ukianguka mwezi wa tatu, utafanya nini? Acha sentensi kama "nitapunguza umaskini katika Kivu ya Kusini". Andika: "Kwa miezi minne nimeuza kilo hizi za ndagala zilizokaushwa juu ya chanja, hazina mchanga, na hii ndiyo picha ya kaye yangu." Kaye yenye alama za mafuta na tarehe za kweli inashinda Kifaransa kizuri.

6. Mlango tunaousahau: mali kwa deni, na wateja wanaolipa mbele

Si lazima mtaji uje kama feza. Muuzaji wa jumla anayepokea mali inayoshukia Kalundu kutoka Kigoma anaweza kukupa mifuko mitano leo, ulipe Jumamosi. Si siku ya kwanza. Siku ya kwanza unanunua kesh. Ya pili kesh. Ya tano anakujua, na anakupa. Hakuna riba iliyoandikwa, lakini bei inaweza kuwa juu kidogo, kwa hiyo linganisha.

Vilevile mteja anaweza kulipa mbele. Mwenye kushona uniforme za shule anaomba nusu kabla ya kukata kitambaa. Ile nusu ndiyo mtaji. Sharti ni moja: usile ile nusu.

Na ndugu walio inje ya nchi? Wako, na wanasaidia. Ila badala ya "yaya, nitumie kitu", mpelekee ukurasa mmoja wa hesabu na tarehe ya kurudisha. Atashangaa, na pengine atatoa mara mbili.

7. Makaratasi, hatua kwa hatua

Usikimbilie kampuni kubwa siku ya kwanza. Kwa biashara ndogo kuna patente. Kongo iko ndani ya OHADA tangu Septemba 2012, na sheria za OHADA zina hali inayoitwa *entreprenant*: mtu mwenye biashara ndogo anatangaza kazi yake na kupata namba, bila mzigo wote wa mfanyabiashara mkubwa. Ukikua, unaenda kwenye RCCM, kitambulisho cha taifa cha biashara na namba ya impo, kupitia guichet unique. Mukiwa watu watano munaweza kuunda koperative ndogo. Kwa wenye mashamba ya Kiliba na Sange, hiyo inaweza kufungua milango ambayo mtu mmoja hafunguliwi.

8. Waongo

Wazee wetu wanakumbuka Bindo. Mwaka 1991, kule Kinshasa, watu waliweka feza wakiahidiwa faida kubwa kwa muda mfupi. Wa kwanza walilipwa kwa feza ya waliofuata, halafu ikaanguka, na watu wakapoteza akiba ya maisha. Leo Bindo inakuja kwa WhatsApp na Telegram, na logo nzuri.

Alama zake ni zile zile. Wanadai "feza ya dosie" kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Wanasema umeshinda shindano ambalo hukuomba. Wanataka namba ya siri ya simu yako. Wanaahidi mkopo bila swali hata moja. Wanakuharakisha: "leo ndiyo siku ya mwisho, dada." Ukiona alama moja, simama. Ukiona mbili, futa.

9. Miezi sita ya kwanza

Kama umemaliza masomo juzi na hauko na kitu, jaribu hivi. Mwezi wa kwanza, ingia katika AVEC au MUSO ya kata yako, na anza kuuza kitu kidogo, hata cha dola 20, lakini uandike kila siku. Mwezi wa pili na wa tatu, usikope, jifunze wateja. Mwezi wa ine, kopa kidogo kwenye kikundi na ulipe kabla ya siku. Mwezi wa tano, tafuta patente au ile namba ya entreprenant, na andika mpango wa kurasa tatu. Mwezi wa sita, sasa ndiyo unaweza kwenda kwa COOPEC au kuomba shindano, ukiwa na kaye, risi, picha na mashahidi.

Najua kinachouma. Si kazi, ni macho ya watu. "Alisoma miaka mitano, leo anauza ndagala?" Wandugu, mwaka 1976 huko Bangladesh profesa wa uchumi, Muhammad Yunus, alitoa dola 27 mfukoni mwake akakopesha watu 42 wa kijiji kimoja. Dola 27, watu 42! Wengi walikuwa hawajui kusoma, na walilipa. Kutoka pale ikazaliwa Benki ya Grameen, na mwaka 2006 wakapewa Nobeli. Kama wale waliweza na sehemu ya dola, wewe unayejua kuhesabu riba inayoshuka hauna sababu ya kuona haya juu ya beseni.

Ila tusidanganyane: biashara si ya kila mtu, na mkopo si wa kila biashara. Kama hesabu yako kwenye kaye inasema hapana, usikope. Hapana iliyoandikwa kwenye kaye haikugharimu kitu, bali hapana ya mwezi wa sita inaweza kugharimu parseli ya papa. Na kama umekwisha kukopa na mambo yanakuwa magumu, usizime simu. Nenda biro mwenyewe kabla ya tarehe, omba wapange upya. Dawa ya deni ni kulipa, na mwenye kujionyesha anasikilizwa kuliko mwenye kujificha.

Juma hili, kabla ya kuuliza tena "projeti gani inatoa feza?", chukua kaye, andika zile sehemu tatu, na uulize mama au shangazi yako kikundi chao kinakutana siku gani. Pengine mlango wa kwanza uko kwenye parseli ya jirani, na wewe umekuwa ukiupita kila asubuhi ukienda kutafuta konekshoni.

Tuko pamoja.